Fungu la Mbwa

Maji aliyoyakohoa Rosalie yalikuwa ya chumvi. Alikuwa ameinama juu ya beseni akimnyonyoa bata, manyoya yamemganda viganjani, mara kikohozi kikamkamata kama mtu aliyevutwa shati kwa nyuma. Alishika ukingo wa meza, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na mdomoni mwake yakamwagika maji maangavu yenye vipande vya utando mwembamba kama maganda ya zabibu. Alipopata pumzi hakulia. Alijilamba midomo, akamtazama dada yake kwa mshangao.

"Philomene," alisema. "Yana chumvi."

Ile ni nchi ya maziwa ya maji matamu, kaskazini mwa jimbo la Saskachewani, ambako mtu anaweza kupiga kafi kiangazi kizima bila kukutana na tone la maji asiloweza kulinywa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari. Philomene Sewap alisimama na kisu mkononi, akahisi kwamba kitu kigeni kimeingia nyumbani mwao bila kubisha hodi. Kisha uso wa mdogo wake ukaanza kuvimba, macho yakajifumba yenyewe, pumzi ikawa inapita kwa filimbi nyembamba. Philomene akakiacha kisu kianguke, akatoka mbio kuelekea zahanati, na mbwa wake wote saba wakapiga kelele kwa pamoja nyuma ya nyumba, kana kwamba wameitwa.

Ndege ya wagonjwa ilimchukua Rosalie jioni ile ile. Siku chache baadaye simu ililia. Alikuwa Corinne, binti wa pekee wa Rosalie, aliyefanya kazi kwa daktari wa wanyama katika mji wa kusini.

"Mama yuko salama," alisema. "Wamempasua, wamemsafisha. Alikuwa na kifuko cha maji ndani ya pafu, kikubwa kama chungwa. Amekaa nacho miaka na miaka. Siku ile ndipo kilipopasuka."

"Kifuko cha nini?"

Corinne alichagua neno litakaloumiza kidogo kuliko mengine.

"Cha tegu, mama mkubwa. Tegu la mbwa."

Akaeleza taratibu, kama anavyoelezwa mfiwa. Tegu lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele. Hujikalia kwenye utumbo wa mbwa wala lisimsumbue. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakanata kwenye manyoya, yakatawanyika majanini na kando ya maji. Huko ndiko anakokula moswa, yule mnyama ambaye Wakrii, watu wa kijiji kile, walimpa jina hilo tangu walipokipa jina kila kitu kingine: mrefu kuliko farasi, midomo minene, pembe pana kama nyungo mbili zilizoinuliwa juu. Moswa huyameza mayai pamoja na majani, na ndani ya mapafu yake kila yai hujijengea nyumba ya maji, likangoja. Lingoje nini? Lingoje mbwa mwitu amwangushe moswa, au mwindaji amchinje na kuwatupia mbwa wake yale mapafu. Hapo safari yake imetimia. Binadamu hamo katika safari hiyo. Huingia kwa bahati mbaya tu, kwa kumkumbatia mbwa kisha akaumega mkate bila kunawa.

"Nyama yenyewe haina neno," Corinne alimalizia. "Ni yale mapafu wanayopewa mbwa mabichi."

"Baba yangu aliwapa mbwa mapafu," Philomene alisema. "Na baba yake kabla yake. Hilo ndilo fungu lao. Wao ndio wanaomvuta moswa mpaka nyumbani. Mbona hakuna aliyekohoa bahari?"

"Hakuna aliyepigwa picha ya kifua, mama mkubwa."

Philomene aliweka simu chini bila kuaga.

Kijijini walimwita mwanamke wa mbwa, wengine kwa utani, wengine kwa kumaanisha. Mashine za kusafiria juu ya theluji zilipokuja, kila mtu aliacha mbwa, na Philomene na mumewe Elzear waliacha pia. Kisha majira moja ya baridi Elzear alikwenda kutazama mitego yake ng'ambo ya ziwa, na mashine ikamzamisha kwenye barafu ambayo mbwa yeyote angekataa kuikanyaga. Hata kabla machozi hayajakauka, Philomene aliiuza mashine ya pili na kununua watoto wa mbwa wawili. Watu walisema huzuni imempanda kichwani. Aliwalea, wakazaana, na tangu hapo alilivuka ziwa kila baridi akiwa amesimama nyuma ya sleji, gari lisilo magurudumu livutwalo na mbwa, akifoka majina yao kama mtu anayeitukana mauti yenyewe. Kumwambia sasa kwamba wale waliomrudishia pumzi yake ndio walioiba ya mdogo wake, lilikuwa neno asilojua pa kuliweka.

Kijiji hakikupata shida hiyo. Kijiji kilijua pa kuliweka.

Habari ilipofika dukani ilikuwa imekwisha kuota mbawa. Ikasemwa kwamba moswa wana minyoo, kwamba nyama ya mwaka ule ina sumu. Watu walifungua majokofu yao, wakabeba mapaja mazima hadi jalalani, na mbwa wasio na wenyewe wakala wakashiba. Philomene aliyaona hayo akiwa ndani ya gari la jirani, akasema, "Tumekuwa watu gani sisi? Moswa ametulisha miaka elfu, leo kwa neno la dukani tunamtupa kama taka!" Jirani aliongeza sauti ya redio.

Jumapili baada ya misa wakakutana ukumbini. Chifu Horace Natomagan alikuwa binamu yake Philomene, mtoto wa mjomba wake, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kulala siku tatu kwenye barafu na wenzake wakimtafuta Elzear, na ncha ya sikio lake la kushoto ilibaki huko, imeliwa na baridi.

"Mbwa wa Philomene ndio wanaolishwa mapafu kila msimu," alisema. "Nani hajui? Wajukuu zangu wanapita pale kila asubuhi wakienda shule, wanawashikashika. Mnataka ningoje mmoja wao akohoe?"

"Na wale wa jalalani?" Philomene aliuliza, bila kuinuka kitini. "Wanaokula matumbo mnayoyatupa ninyi?"

"Hao nao tutawafikia."

"Mtawafikia! Ila mnaanza na wenye majina."

"We Philomene," mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "si uolewe tu na hao mbwa, tujue moja?"

"Wangekuwa waume wema kuliko uliowazaa wewe. Wao nikiwaita, wanakuja."

Ukumbi uliangua kicheko, hata Horace akauma mdomo. Lakini kicheko hakina kura. Ilikatwa shauri kwamba mpaka Jumapili ifuatayo mbwa wale wawe wamefungwa mbali na njia ya watoto na wamepewa dawa mbele ya muuguzi. La sivyo, wapigwe risasi.

Hapo Philomene aliinuka. "Nisikilizeni vizuri, nisije nikasingiziwa," alisema. "Sitawafunga. Sitaomba ruhusa ya mtu. Na atakayekuja na bunduki uani kwangu, aje amekwisha kuungama kwa padri."

Akatoka, na mlango akauacha wazi ili baridi iwaingie.

Corinne alikuja kwa ndege Jumanne, amebeba boksi la vidonge kwapani. Philomene alimkumbatia, akampakulia supu, akalipokea boksi na kuliweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya Elzear. Kila Corinne alipolitaja, mama yake mkubwa alikuwa na kuni za kupasua. Corinne hakuwa mgomvi. Alikuwa na utulivu wa watu waliozoea wanyama wanaouma. Siku ya tatu alipiga simu hospitali, akampa mama yake mkubwa mkonga, naye akatoka nje.

"Nasikia umekataa dawa," sauti ya Rosalie ilisema. Ilikuwa nyembamba, lakini yake.

"Nani kakwambia?"

"Nina mtoto mmoja duniani, Philomene. Unadhani nani?"

Philomene alijizungushia waya wa simu kidoleni. Tangu siku ya beseni hakuwa amempigia mdogo wake hata mara moja. Alikuwa amejitayarishia maneno mengi ya kujitetea, na sasa yote yalimkimbia.

"Unaogopa," Rosalie aliendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Unaona ukiwapa dawa, umekubali kwamba ni wewe."

Philomene aliulegeza waya kidoleni.

"Mimi sihitaji ukubali. Mbwa nimelala nao mwenyewe, hukunilazimisha. Ninachohitaji ni pua ya moswa, ichemshwe mpaka ilainike. Hapa wananilisha tambi nyeupe kama minyoo, halafu wananiambia niogope minyoo."

Philomene alicheka bila kutaka, na kicheko kikamtoka pamoja na kitu kingine alichokifuta haraka kwa mkono wa sweta.

"Pihew wangu anakula?" Rosalie aliuliza. Pihew alikuwa mdogo wa kundi, jike la rangi ya majivu, aliyekuwa akilala miguuni pake kila usiku.

"Anakula. Anakwenda chumbani kwako, anatazama kitanda, anarudi."

"Mwambie naja Alhamisi ijayo."

Kesho yake alfajiri Philomene na Corinne walipakia mtumbwi. Majira ya moswa kuitana yalikuwa yakielekea ukingoni, na pua haijileti yenyewe. "Vidonge?" Corinne aliuliza, mguu mmoja majini. "Tukirudi," Philomene alijibu. "Kesho tutakuwa tumerudi. Hawana mbio hao." Bado kulikuwa ndani yake kipande kimoja kisichotaka kupinda, nacho ndicho kilichojibu.

Walimchukua Kisik peke yake, kiongozi wa kundi, mzee mwenye jicho moja la buluu, kwa sababu aliweza kukaa ndani ya mtumbwi bila kuutikisa. Walivuka ziwa, wakaingia kwenye ghuba nyembamba iliyoota mierebi, na kabla ya machweo Philomene alitwaa tarumbeta yake ya gome la mti, akaiinamisha majini, akalia kwa sauti ya moswa jike: ndefu, ya kuomba, yenye kukatika mwishoni. Msitu haukujibu. Alilia tena asubuhi. Kimya kile kile. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri walipomsikia.

Hakuja kwa kunyata. Alikuja akivunja, akigonga pembe kwenye miti, akikoroma kwa kila hatua, dume lililokwisha kuamua. Lilitokea ukingoni likasimama, maji yakilifika magotini, mvuke ukilitoka puani. Philomene alifyatua mara moja. Dume lilipiga hatua kama linalofikiri, kisha likapiga magoti.

Aliweka tumbaku chini, sadaka ya shukrani kwa mnyama, akasema maneno yake, akamkata lile shungi la ngozi linaloning'inia kidevuni na kulitundika juu ya tawi kama alivyofundishwa. Ndipo wakaanza kumpasua. Wanawake wawili na moswa mzima ni kazi ya kuvunja mgongo. Walifanya bila kusemezana, mikono imezama hadi viwikoni kwenye joto lile, mpaka Philomene alipoyavuta mapafu nje na kuyalaza juu ya matawi ya msonobari.

Yalikuwa yamejaa. Kwenye nyama laini ya waridi vilichomoza vifuko vyeupe, vingine kama mayai ya njiwa, vingine vikubwa zaidi, vigumu vikibonyezwa. Philomene alikuwa ameviona maisha yake yote. Baba yake aliviita mawe ya maji. Hakuwahi kuviuliza swali, kama mtu asivyouliza swali mafundo ya kwenye ubao.

"Usivipasue," Corinne alisema. "Ndani ya kila kimoja kuna vichwa kama mchanga. Kila kichwa ni tegu."

"Na bado alikuja vile," Philomene alisema polepole.

"Vipi?"

"Ulimsikia. Akivunja miti. Kwa mapafu haya."

Alikalia visigino vyake, akayatazama. Corinne akamwambia kwamba moswa mwenye vifuko vingi huishiwa pumzi mapema. Akikimbizwa, ndiye anayefikiwa kwanza. Tegu halina miguu wala macho, na bado limejua namna ya kumchelewesha mnyama mkubwa kuliko wote msituni, ili mdomo unaongojewa umfikie. Philomene alisikiliza, na hasira ikampanda polepole. Haikuwa hasira dhidi ya Corinne, wala dhidi ya moswa. Miaka yote ile alijiona anamlipa mbwa haki yake. Kumbe kulikuwa na mwingine pale karamuni, asiyevuta sleji, asiyeita wala kuitwa, ambaye kwa mkono wake mwenyewe Philomene alikuwa akimfungulia mlango kila msimu, kutoka kwa moswa hadi kwa mbwa, na kutoka kwa mbwa hadi kitandani kwa Rosalie.

Kisik alikuwa amekwisha kusogea. Alilijua fungu lake. Alikaa mbele ya mapafu, mate yakimdondoka, akamtazama bibi yake kwa lile jicho la buluu, kwa subira ya mtu aliye na haki.

"Hapana," Philomene alisema.

Mbwa akainamisha kichwa upande, kana kwamba hakulisikia vyema.

"Nimesema hapana, mzee. Nitakupa moyo. Nitakupa paja ukitaka. Hiki hukipati tena, wala watoto wako."

Wakakoka moto. Mapafu mabichi hayaungui kwa urahisi. Yanafuka, yanalia, yanatoa povu, yanauzima moto kama yana roho. Philomene alikata miti mikavu, akarundika, akasimama kando ya moto ule alasiri nzima na kijiti mkononi, akimfukuza Kisik kila aliposogea, akiyasukuma mapafu katikati ya makaa mpaka vifuko vikapasuka kimoja kimoja kwa mlio mdogo. "Pasuka," alikuwa akisema kwa kila mlio. "Pasuka, mbwa wewe." Corinne alianza kucheka kwa tusi hilo, naye pia akacheka, nyuso zao nyeusi kwa moshi.

"Tukifika tu, leta vile vidonge," Philomene alisema. "Hata kabla ya chai."

Lakini upepo ulikuwa umegeuka. Ziwa lilipanda mawimbi meupe, na mtumbwi uliojaa nyama haukuweza kuvuka. Walilala ufukoni. Jumapili asubuhi upepo ulikuwa bado unavuma, na Philomene alitembea kando ya maji huku na huko, akiinua uso kila mara kulitazama jua. Lilipokaribia utosini mawimbi yalitulia kidogo, na hapo akausukuma mtumbwi majini bila kungoja zaidi.

Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi waliposikia mlio wa bunduki. Mmoja, mkavu. Kisha sauti ya mbwa wengi.

Philomene alipiga magoti mtumbwini. Alipiga kafi kwa nguvu ambazo mwanamke wa umri wake hapaswi kuwa nazo, na Corinne, kijana na mwenye afya, alishindwa kufuatana naye.

Uani palikuwa na watu wachache, wanaume wa baraza na muuguzi aliyesimama mbali amefunika mdomo. Mbwa walikuwa wakiruka na kubweka kwenye uzio. Horace alikuwa amesimama katikati, bunduki imeelekea chini, uso wake hauna damu. Mbele yake, juu ya majani yaliyoungua kwa jalidi, alilala Pihew.

"Tulikungoja mpaka baada ya misa," Horace alisema. "Tuligonga mlango. Binamu, tulisema Jumapili."

Philomene alimpita kama anavyopitwa mti. Alipiga magoti, akauweka mkono juu ya manyoya yale ya rangi ya majivu. Yalikuwa na joto bado. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba boksi lilikuwa juu ya kabati nyuma ya picha, na kwamba Ijumaa alfajiri mguu wa Corinne ulikuwa majini na jibu lilikuwa mdomoni mwake. Alilimeza hilo likiwa zima.

"Mbona mmoja?" aliuliza, bado ameinama.

"Wa pili..." Horace aligeukia uzio. "Mkono ulikataa."

Philomene aliinuka. Wanaume wale walirudi nyuma nusu hatua, na mmoja akatazama bunduki kuhakikisha bado iko mkononi mwa mwenyewe. Lakini Philomene aligeuka, akatembea hadi kwenye mtumbwi, akafunua turubai na kutwaa kidari cha moswa, kipande kizito chenye mafuta, anachopewa mtu anayeheshimiwa. Alikibeba kifuani, damu ikimlowesha sweta, akaja nacho mpaka mbele ya Horace.

"Fungu lako," alisema.

Horace aliitazama nyama, akamtazama yeye.

"Chukua. Au na wewe unaogopa maneno ya dukani?"

"Philomene, mimi..."

"Nimewinda, nimepata, ninagawa. Sijaacha kuwa mtu kwa sababu wewe umeua mbwa."

Hakuna anayepokea kidari kwa mkono mmoja. Uzito haukubali, wala adabu. Horace aliitazama bunduki mkononi mwake. Kisha akainama, mzito, kama mtu anayepiga magoti kanisani, akailaza bunduki chini majanini, akanyoosha mikono yote miwili.

Philomene hakuiachia nyama mara moja.

"Nimekosa kwenye mapafu," alisema, kwa sauti iliyotaka kila mmoja asikie. "Nimekosa, na Corinne ni shahidi nimeyachoma. Dawa watakula sasa hivi mbele ya muuguzi, na nitawajengea ua kule nyuma, mbali na njia ya shule. Kwenye mapafu nimekosa. Kwenye mbwa sijakosa, na hawa sita waliobaki wataishi. Yeyote asiyekubali aiokote hiyo bunduki."

Hakuna aliyeiokota.

"Rosalie anashuka Alhamisi," aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, ya watu wawili. "Huyu alikuwa wake. Alikuwa akilala miguuni pake. Mimi simwambii. Utasimama gatini wewe mwenyewe, na utamwambia."

Akaiachia nyama.

Corinne alileta boksi. Wakavifunga vidonge ndani ya mafuta ya moswa, na Philomene akamshika kila mbwa taya, akamlisha, akangoja ameze, akamwita jina lake. Kisha akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, mara moja, na mara ya pili. Pihew walimzika kwenye kilima, wao wawili.

Wiki ile baadhi ya watu walikuja kuchukua mafungu yao na baadhi hawakuja. Vijana waliopata moswa Jumanne walimpigia Philomene simu kumuuliza mapafu yafanyweje, naye akawafokea wayachome, wasiyatupe jalalani, na kama hawana kuni waje wachukue zake. Wanawake wawili walipompita dukani waliwavuta watoto wao pembeni, ingawa hakuwa na mbwa hata mmoja pale. Aliwasalimia kwa majina yao kamili na ya mama zao.

Alhamisi ndege ilisikika kabla ya kuonekana. Philomene aliteremka gatini na mbwa wote sita kwenye kamba, katikati ya kijiji, kwa njia ile ndefu inayopita kanisani na dukani, ingawa ya mkato ilikuwapo. Corinne alitembea kando yake. Nyumbani, pua ilikuwa jikoni tangu usiku, ikichemka juu ya moto mdogo.

Horace alikuwa amefika zamani. Alisimama mwishoni mwa gati peke yake, amevaa kofia na shati la kanisani bila koti, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Philomene alisimama nyuma yake, mbali kidogo, na hawakusalimiana.

Ndege iligusa maji, ikasogea, ikafungwa. Mlango ulipofunguka, Rosalie alijitokeza, amekonda, koti linamning'inia, mkono mmoja umeshika ubavu. Alisimama kwenye kipandio cha kwanza akavuta pumzi ya nyumbani, taratibu, kama mtu anayeonja supu kwanza. Akamwona binti yake, akatabasamu. Akamwona Horace na shati lake, akakunja uso kidogo. Kisha macho yake yakampita, yakaenda kwa mbwa, yakatoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka mwisho wa kamba, yakarudi mwanzo, yakaanza upya.

Horace akavua kofia.